Pailoti ya boila ya zamani imezima: uiwashe tena, ununue hita ya betri ama uhamie stima?

Baridi ya Juni ikishaingia Nakuru ndio watu hukumbuka kuna boila ya gesi nyuma ya nyumba, ile walinunua pamoja na nyumba ama waliikuta hapo wakianza kupanga, wanafungua bomba la moto yanatoka maji ya barafu, wakienda kuangalia wanapata pailoti, ule moto mdogo wa ndani, imezima. Hapo simu zinaanza. Niwashe tena ama niing'oe? Hizi hita mpya za gesi zinazowashwa na betri ni nzuri? Si heri niweke instanti ya stima, ile ya shawa inayopasha maji papo hapo, niachane na mambo ya mitungi? Mimi kazi yangu ni mabomba na gesi, Nakuru zaidi na Kisumu mara kwa mara, kwa hivyo wacha niziweke hizo njia tatu pamoja na niseme wazi ni ipi naona inafaa nyumba gani.

Ila kuna kitu kimoja lazima kitangulie. Usichague chochote kabla hujajua pailoti ilizima kwa nini. Kuna watu wananunua hita mpya kwa maelfu na kumbe shida ilikuwa kipuri kidogo cha shilingi mia kadhaa, na kuna wengine, hawa ndio wananitia wasiwasi, wanawasha pailoti kila asubuhi mwezi mzima na kumbe ile pailoti ilikuwa inawaambia hapo ndani hewa haitoshi.

Pailoti ni moto mdogo unaokaa umewaka saa zote, ukifungua maji ndio unawasha ule moto mkubwa. Pembeni yake kuna kijiti cha chuma kinaitwa themokapo, ni metali mbili tofauti zimeunganishwa kwenye ncha, na ile ncha ikipashwa moto inatoa stima kidogo sana, kama milivolti 25 hadi 30, na hio tu inatosha kushikilia sumaku inayoacha valvu ya gesi wazi. Moto ukizima kijiti kinapoa, ndani ya dakika moja hivi sumaku inaachilia na gesi inajifunga. Hakuna betri, hakuna tokeni. Ndio maana boila hizi zimedumu hivyo, na ndio maana siwezi kumwambia kila mtu azitupe.

Sasa angalia inazima vipi, manake kila namna ina sababu yake.

Ikiwaka vizuri lakini inazima saa ile tu unaachilia nobu (kile kishikio cha gesi unachobonyeza na kuzungusha), hio mara nyingi ni themokapo, ama hujashika nobu muda wa kutosha. Niliitwa kwa mama mmoja mwalimu mstaafu pale Milimani ya Nakuru, alikuwa ameshaamua kuing'oa boila. Nikamwomba aniwashie vile huwa anawasha. Akapiga kiberiti, moto ukashika, akaachilia, ukazima. "Mama, huwa unashikilia hapo hadi lini?" Akanijibu, "Nahesabu hadi tano mwanangu, zaidi ya hapo naogopa." Nikamwambia hebu tuhesabu pamoja hadi thelathini. Ilikaa kidogo kisha ikazima tena, nikafungua ile nati nikatoa themokapo, ncha ilikuwa imevaa masizi meusi upande mmoja, nikaisugua na msasa laini, nikairudisha nati kwa vidole kisha nikaongeza robo mzunguko tu na spana, si zaidi, ukikaza sana unaiharibu. Nikaisogeza pia moto uguse ncha sawasawa, manake ilikuwa imekaa pembeni moto unailamba tu. Ikashika. Ingekataa hata baada ya hapo basi tungeweka themokapo mpya na kazi ingeisha siku hio hio.

Ikikataa kushika kabisa, unapiga kiberiti na hakuna kitu, angalia kwanza kama ulibadilisha mtungi juzi, kuna hewa kwenye paipu na itabidi ushike nobu muda kidogo hadi hewa itoke. Kama si hivyo basi ni nozeli ya pailoti, pale gesi inapotokea, imeziba. Nakuru kuanzia Januari hadi mvua ishike vumbi si la kawaida, na buibui nao wanapenda kujenga ndani ya vibomba vya boila iliyokaa bila kutumika. Kitundu cha nozeli ya pailoti ya gesi ya mtungi ni kama robo ya milimita, kwa hivyo chembe moja inatosha kuziba. Usichokoe na sindano. Ukichokoa unakipanua na moto unakuwa mkubwa, wa manjano, unatoa masizi, na hapo umeharibu kitu kilikuwa kinahitaji kupulizwa tu.

Alafu kuna ile inawaka vizuri, unaoga, unalala, asubuhi imezima. Hapa ndio watu hukosea sana. Inaweza kuwa upepo unaoingia kupitia chimni, inaweza kuwa mtungi unaelekea kuisha ama regyuleta imechoka. Lakini kama boila iko ndani ya bafu ama jikoni, inaweza kuwa ina pailoti ya kupima oksijeni. Hizi zimetengenezwa makusudi zizime oksijeni ikishuka kwenye chumba, hewa ya kawaida ina karibu asilimia 21 na nyingi hizi zinazima ikifika kama 18. Sasa wewe umefunga dirisha juu ya baridi, moto unakula hewa, pailoti inazima kukuokoa, na wewe unarudi kuiwasha. Hapana. Na kuna fundi wengine wanaifunga hio sehemu na waya ndio isisumbue, ukiona hivyo usiitumie hio boila hata siku moja zaidi. Kaboni monoksaidi haina rangi wala harufu, mtu anaanza na kichwa kuuma, kizunguzungu, kutaka kutapika, anadhani ni malaria, na bafu ndio chumba kidogo kuliko vyote nyumbani na mlango umefungwa kwa ndani.

Na Nakuru kuna jambo lingine, kimo, mji uko kama mita 1,850 juu ya bahari, Kisumu ni kama 1,130. Hewa ya Nakuru ni nyepesi, karibu moja ya tano pungufu kuliko ya pwani, kwa hivyo boila iliyosetiwa kwa mahali pa chini inapata gesi nyingi na hewa kidogo, moto unakuwa wa manjano. Zile pailoti za kupima oksijeni pia zinasumbua zaidi huku juu, kuna watengenezaji wanaandika kabisa kwenye kitabu zisitumike kupita kimo fulani. Unayotaka ni moto wa bluu uliotulia. Ukiona manjano na masizi kwenye boksi, si wakati wa kuoga, ni wakati wa kuita fundi.

Sasa kuwasha kwenyewe, kwa wale wamejua tatizo si kubwa. Kwanza inama unuse karibu na sakafu, si juu, gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa na inalala chini. Ukisikia harufu funga mtungi, fungua milango na madirisha, usiguse swichi yoyote, ya taa wala ya nini, na usiwashe kitu hadi harufu iishe kabisa na ujue ilitoka wapi. Kama hakuna harufu, zungusha nobu hadi kufunga kabisa na usubiri dakika tano, hata kama una haraka ya kazi, hizo dakika tano ni za gesi iliyobaki ndani ya boksi kutoka. Alafu zungusha hadi alama ya pailoti, bonyeza ushikilie, washa na kiberiti kirefu ama kile kitufe cha cheche kama bado kinafanya, uso wako uwe pembeni si mbele ya kidirisha, hesabu hadi thelathini huku umeshikilia, achilia polepole. Ikibaki imewaka zungusha hadi alama ya moto mkubwa. Ikizima rudia, na zile dakika tano tena. Ikikataa mara ya tatu wacha. Haitakubali kwa kulazimishwa.

Sawa. Tuseme imewaka. Je uibakishe?

Hapa ndio hesabu ya pesa inaingia na wengi hawajawahi kuipiga. Pailoti inakula gesi usiku na mchana, kwa nyingi ni kama wati 100 hadi 150. Inaonekana kidogo. Lakini kilo moja ya gesi ina joto kama uniti 12.8, ukipima kwa uniti zile zile za stima, ukipiga hesabu ya mwezi unapata pailoti peke yake inakula kati ya kilo tano na nusu na nane na nusu. Yaani mtungi wa kilo 13 unaweza kuisha ndani ya mwezi moja na nusu hadi miwili na kidogo na hakuna mtu ameoga, ni kama kuacha bomba likitiririka usiku kucha. Tuseme mtungi ni 3,200, bei ya kwako weka mwenyewe, hapo ni kitu kati ya 1,400 na 2,100 kila mwezi kwa ule moto mdogo tu. Kama boila yako ni ya tanki, ile inahifadhi maji, sehemu ya hilo joto inaingia kwenye maji kwa hivyo haipotei yote. Kama ni ile ya ukutani inayopasha maji yakipita, yote inaenda hewani.

Sasa linganisha na kuoga kwenyewe. Mtu mmoja, dakika kumi, lita sita kwa dakika, maji ya Nakuru uyapandishe nyuzi 22 hivi, hapo unatumia kama gramu 140 za gesi, shilingi 35 kwa bei ile ile. Kwa hivyo pailoti kwa siku inakula gesi ya mtu mmoja kuoga, hata wawili. Nyumba ya watu sita wanaooga kila siku hawatasikia sana. Mtu anayeishi peke yake, ama mzee na mkewe watoto walishaenda, hao wanalipia pailoti kuliko maji.

Hita ya betri inaondoa hio gharama yote. Ukifungua maji swichi ndani inasikia mtiririko, betri mbili kubwa za tochi zinatoa cheche, moto unawaka, ukifunga maji unazima. Kuna ncha ndogo inayopima kama moto upo kweli, usipokuwepo gesi inajifunga haraka kuliko themokapo ya zamani. Stima ikipotea inaendelea, na hio kwa watu wa Kisumu ni muhimu, mvua za ziwani zikija na radi jioni unajua vile huwa. Mimi kwa mtu anayetaka kubaki na gesi hii ndio namshauri.

Lakini ina masharti, na muuzaji hatakuambia yote. La kwanza ni presha. Nyingi zinataka angalau bari 0.2 hadi 0.3 (bari ni kipimo cha presha) ndio ziwake, na kila mita moja ya urefu wa tanki inakupa bari 0.1. Tanki ikiwa juu ya slabu mita moja na nusu tu kutoka kichwa cha shawa, hita itabofya cheche, itabofya, haitawaka, na utasema ni mbovu. Pandisha tanki ama weka pampu ndogo, ama uliza ile ya presha ya chini kabla ya kulipa. La pili ni mtungi. Hita ya lita sita ikiwa wazi kabisa inakula karibu kilo moja ya gesi kwa saa, na mtungi wa kilo 6 hauwezi kutoa mvuke haraka hivyo, utaona unatoa jasho baridi hata barafu kwa nje, moto unafifia katikati ya kuoga na gesi bado iko. Tumia kilo 13 kwenda juu. Asubuhi ya Nakuru nyuzi kumi ndio shida hii inaonekana zaidi.

La tatu ndio kubwa, chimni. Nimepata hizi hita zimefungwa ndani ya bafu na lile tundu la juu liko wazi tu, hakuna paipu, moshi wote unabaki na mtu anayeoga. Kutokuwa na pailoti hakujaifanya salama. Moto ni moto. Boila ya zamani iliyo nje ya ukuta kwenye hewa, na pailoti yake, naiamini kuliko hita mpya inayong'aa iliyo ndani bila chimni. Kama mwenye nyumba anakuambia anaweka mpya ndani ya bafu juu "hizi za siku hizi hazina shida", kataa, mwambie aiweke nje, ukuta wa nje na kajipaa kadogo ka kuzuia mvua.

Instanti ya stima ina raha yake. Hakuna moshi, hakuna harufu, hakuna kubeba mtungi, na bei ya kununua ni ndogo kuliko zote. Ile ya kilowati 5.5 dakika kumi inakula kama uniti 0.92, ukiweka uniti kwa shilingi 28 ni kama 26. Ni nafuu kuliko zile 35 za gesi, sivyo? Ndio na hapana. Joto la stima kwa kweli ni ghali kidogo kuliko la gesi, ila instanti inakupa maji kidogo, kama lita tatu na nusu kwa dakika ukitaka yawe moto sawasawa huku Nakuru. Unalipa kidogo juu unapata kidogo. Kuna watu hio inawatosha kabisa, mwenye nywele ndefu ama anayetaka maji mengi hatafurahi. Na watu wanne kila siku ni kama uniti 110 kwa mwezi, hio peke yake inakupitisha uniti 100 na bei ya kila uniti inapanda kwa sababu unaingia kundi la juu.

Waya ndio naogopa. Kilowati 5.5 kwa volti 240 ni ampea 23, hio haitaki soketi wala waya wa taa, inataka waya wake wa milimita 6 kutoka kwa breka yake, swichi ya kukata laini zote mbili, na athi, ule waya wa kupeleka stima ardhini, inayofanya kazi kweli. Nyumba nyingi za zamani, Kisumu na Nakuru zote, athi imeliwa na kutu kitambo ama haikuwekwa. Ukigusa bomba ukisikia inakutekenya, toka, zima breka, na usioge hapo hadi fundi wa stima apime. Na kama mtaa wenu stima hudhoofika jioni, taa zikiwa hafifu, jua nguvu ya shawa inashuka haraka kuliko volti, kutoka 240 hadi 180 unabaki na nusu na kidogo tu ya joto. Maji ya kisima yenye chumvi nayo yanakula koili, nunua ile ya maji ya chumvi toka mwanzo.

Sola sitasema mengi, Kisumu jua lipo la kutosha na baada ya kuweka bili inakaribia kuwa hakuna, ila pesa ya kuanzia ni kubwa na anayepanga nyumba hawezi.

Kwa hivyo kwangu mimi ni hivi. Uko Nakuru, nyumba yako mwenyewe, familia kubwa, boila iko nje, moto wa bluu: ibakishe, badilisha themokapo, isafishwe kila mwaka kabla ya Mei, na ukisafiri zima pailoti. Uko Nakuru na mko wachache, boila ya ukutani: nenda hita ya betri, ile pesa ya pailoti itainunua yenyewe baada ya miezi kadhaa. Uko Kisumu, maji ya tanki mchana si baridi na unahitaji kuyapandisha nyuzi chache tu: pailoti inayowaka masaa 24 sioni sababu yake, instanti ikiwa waya ni mzuri, hita ya betri ikiwa stima yenu haitulii. Kakamega na Bungoma naweka pamoja na Kisumu kwa hili, radi nyingi, kwa hivyo naegemea gesi ya betri. Na boila yoyote ya pailoti iliyo ndani ya bafu bila chimni, mji wowote, ihamishwe ama itoke.

Boila iliyoletwa kutoka Uingereza na jamaa wa familia ni jambo lingine. Nyingi zimetengenezewa gesi ya bomba ya kule, na huku kwetu majumbani hakuna gesi ya bomba ya aina hio, tunatumia ya mtungi. Nozeli zake ni pana mno kwa gesi yetu. Usiiunganishe kwa mtungi hata kujaribu tu, soma kibati kilichobandikwa upande wake kinasema ni ya gesi gani, na kama si ya mtungi ulizia kwanza kama nozeli za kubadilisha zinapatikana. Zisipopatikana iuze kama chuma chakavu. Na fundi akiwa hapo kwa kazi yoyote ya hizi, mwambie apake povu la sabuni kila kiungo kutoka mtungi hadi boila ukiwa unaangalia, na kama mpira wa gesi umeanza kupasuka pasuka ubadilishwe siku hio hio.